Hesabu niliiamini, siasa siiamini: nifanye nini kabla ya 2027?

"Nilipiga kura kwa mara ya kwanza hapa Kenya Agosti 2022. Mgombea wangu wa urais alishindwa. Siku zile nilikuwa nikifungua Fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye simu, moja baada ya nyingine. Nikajumlisha za wadi yetu, zikalingana na zilizotangazwa. Kwa hiyo matokeo yalipotoka niliumia, lakini niliyaamini. Nyumbani hawajanisamehe, mjomba huniita msaliti mpaka leo. Kisha ikaja Juni 2024 na maandamano yake, halafu wale niliowapigia kura wakaingia serikalini pamoja na wale niliowanyima. Leo najivunia uchaguzi ule, na papo hapo nauonea haya. Marafiki wanasema 2027 tususie, au twende tuharibu kura. Je, nilikosea kuamini? Na nijiandikishe tena, au niache?"

Ndugu msomaji, tatizo lako si kukosa msimamo. Umefunga maswali matatu katika kitita kimoja, na kila ukijibu moja, jingine linakuchoma. La kwanza ni kama kura zilihesabiwa sawasawa. La pili ni kama aliyeshinda ndiye uliyemtaka. La tatu ni jinsi waliopewa viti walivyovitumia. Mtu anaweza kujibu "ndiyo" kwa la kwanza, "hapana" kwa la pili, na kwa la tatu akakunja uso, bila kujipinga popote. Mjomba wako yeye anaanza na jibu la swali la pili na kulitumia kujibu la kwanza: mtu wetu hakushinda, basi hesabu imepikwa. Hapo ndipo mlipoachana njia.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyokutia matatani. Wanaosema kura hupikwa Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako matokeo ya urais ya 2022 yalijumlishwa, hudhani Bomas ndiko zinakohesabiwa, na sivyo. Kura huhesabiwa kituoni, na kituo ni kitu kidogo: sheria inataka kisizidi wapiga kura 700. Foleni ikiisha, msimamizi wa kituo hufungua sanduku mbele ya mawakala, akainua karatasi moja moja, akasoma jina kwa sauti na kuwaonyesha alama ilipo. Kura yenye utata hubishaniwa hapo hapo. Wakala asiporidhika anaweza kuomba kura zihesabiwe upya, ila si zaidi ya mara mbili. Kisha Fomu 34A inajazwa: walioandikishwa kituoni, kura halali, zilizokataliwa, na idadi ya kila mgombea. Mawakala wanatia sahihi na kupewa nakala, nakala nyingine inabandikwa mlangoni, na picha ya fomu inatumwa kwa kifaa cha KIEMS, kile cha kielektroniki cha kutambua wapiga kura. Karatasi yenyewe inasafirishwa hadi eneobunge, ambako 34A zote hujumlishwa katika 34B. Mwisho kabisa ndipo Bomas inapojaza 34C. Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa mashinani ni ya mwisho, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha.

Miezi miwili baadaye tuliona njia hiyo ikikanyagwa. Septemba 1, 2017, majaji wanne kati ya sita waliosikiliza kesi walifuta uchaguzi wa urais. Angalia walichosema na ambacho hawakusema. Hawakutangaza kwamba Raila Odinga alishinda. Walisema safari ya matokeo kutoka kituoni hadi Nairobi haikufuata Katiba na sheria. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza mshindi kabla ya 34A zote kufika, na mahakama ilipoagiza mitambo ya tume ifunguliwe ikaguliwe, agizo halikutekelezwa ipasavyo. 2022 tume ilijibu aibu hiyo kwa kuweka picha za fomu za karibu vituo vyote hadharani kwenye tovuti. Vituo vilikuwa 46,229. Ndiyo maana wewe, ukiwa na simu na bando, uliweza kufanya kazi ambayo zamani ilikuwa ya wateule wachache. Hukukosea kuamini ulichokihakiki kwa mkono wako.

Lakini tusitie chumvi. Tovuti ile inalinda barabara kutoka mlango wa kituo hadi Bomas. Hailindi kilichotendeka ndani ya kituo kabla fomu haijajazwa. Pale ambapo mgombea hakuwa na wakala, au wakala alilala, au alinunuliwa, fomu inaweza kuwa safi machoni na ikabeba uongo. Ulipojumlisha za wadi yenu zikalingana, ulithibitisha ujumlishaji. Yaliyomo sandukuni yalithibitishwa na wale waliokaa pale usiku kucha wakitazama. Tofauti hiyo ni muhimu, nitairudia mwishoni.

Wala si kweli kwamba 2022 mambo yalikuwa shwari. Agosti 15, makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo dakika chache kabla hayajatangazwa. Mahakama ya Juu, Septemba 5, ilithibitisha ushindi wa William Ruto kwa kauli moja. Iliona mgawanyiko ndani ya tume, lakini haikuletewa ushahidi kwamba tarakimu ziliguswa, na ikataka uendeshaji wa tume urekebishwe. Mtu mwenye akili timamu anaweza kukubali uamuzi huo na bado akaona fedheha kwa tume kuparaganyika mbele ya taifa zima. Na zilikuwepo sababu za kujivunia: Rais aliyekuwa madarakani alimuunga mkono mgombea, mgombea huyo akashindwa, na mamlaka yakakabidhiwa Kasarani Septemba 13. Magavana wanawake walitoka watatu wa 2017 wakafika saba. Kwa taifa lililozika zaidi ya watu 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hayo si mambo madogo.

Sasa njoo kwa marafiki zako. Kabla ya kususia, wafanye hesabu hii. Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Gawanya kwa vituo 46,229: ni kura tano na ushei kwa kila kituo. Wapiga kura watatu tu wa Ruto wangemwendea Raila katika kila kituo, aliyeongoza angekuwa mwingine. Tena kuna kizingiti cha nusu ya kura halali na zaidi, sambamba na robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Ruto aliivuka nusu hiyo kwa kura kama 69,600, yaani kura moja na nusu kwa kituo. Wapiga kura wake wawili katika kila kituo wangemwendea mgombea mwingine, tungerudi debeni kwa duru ya pili ndani ya siku 30. Na waliojiandikisha wasifike kabisa? Kati ya 22,120,458 walioandikishwa, zaidi ya milioni 7.7 walibaki nyumbani. Ni wengi kuliko waliompigia mshindi. Ukiwagawanya kwa vituo vyote unapata viti vitupu kama 168 kwa kila kituo, huku urais ukiamuliwa kwa vitano.

Kususia kuna maana pale tu ambapo sheria inahesabu wasiofika, na sheria yetu haiwahesabu. Oktoba 26, 2017 uchaguzi wa marudio ulisusiwa na upinzani, waliojitokeza wakashuka chini ya asilimia 40, na Uhuru Kenyatta akaapishwa vile vile. Hatukuweka kiwango cha chini cha kujitokeza. Kuharibu kura nako ni vivyo hivyo. Mahakama ya Juu iliamua 2013, ikashikilia hivyo 2022, kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika kukokotoa asilimia. Za 2022 zilipita 113,000. Zilikuwemo za waliokosea na yumkini za waliokasirika, lakini kwenye fomu zote ziliandikwa katika mstari mmoja, na hakuna anayeweza kutofautisha hasira na mkono uliotetemeka. Ukitaka hasira yako isomeke, iandike mahali panaposomeka.

Na mahali hapo ndipo wengi tunapopasahau. Agosti 9 hukupiga kura moja, ulipiga sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Barua yako inaitaja moja tu. Sasa kumbuka Juni 25, 2024, siku Mswada wa Fedha ulipopitishwa katika kusomwa kwa mara ya tatu. Ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, katika Bunge la Taifa lenye viti 349. Hawakupiga kura upande wowote zaidi ya arobaini. Rais alikataa kuutia sahihi kesho yake kwa sababu ya barabara zilivyojaa waandamanaji, lakini ni wabunge waliomfikishia mezani. Je, wako alikuwa wapi? Orodha ya kura hizo imo katika kumbukumbu za Bunge. Itafute jina lake upande wa ndiyo au hapana, na usipoliona popote, hilo pia ni jibu.

Ulishangaa pia wale uliowachagua kama upinzani walivyoishia serikalini. Utaratibu wake hauna muujiza. Katiba, ibara ya 103, humnyang'anya kiti mbunge anayejiuzulu kutoka chama kilichompeleka bungeni. Kwa hiyo hajiuzulu. Anabaki na kadi ya chama, anabaki na kofia ya rangi yake, na anapigia serikali kura akiita jambo hilo "ushirikiano". Vyama vyenyewe vinaweza kuafikiana, kama UDA ya Ruto na ODM ya Raila walivyotia sahihi makubaliano Machi 2025, na kabla ya hapo Uhuru na Raila walipeana mkono Machi 2018. Katiba haimlazimishi aliyeshindwa kubaki upinzani. Ipo haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, ibara ya 104, lakini vifungu vya sheria vya kuitekeleza vilibatilishwa na Mahakama Kuu 2017 kwa kuwekewa vizuizi visivyofaa, na hadi leo hakuna mbunge aliyewahi kuondolewa hivyo. Nakuambia wazi ili usitegemee mlango uliofungwa.

Ukiniuliza kilichonitia wasiwasi zaidi tangu 2022, si hata miungano hiyo. Ni tume kukaa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, mwenyekiti Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Waulize watu wa Banissa, kaunti ya Mandera. Mbunge wao alifariki Machi 2023, na kwa kuwa hapakuwa na tume ya kuitisha uchaguzi mdogo, walikaa bila mwakilishi hadi Novemba 27, 2025. Mswada ule wa Juni 2024 ulipopigiwa kura, Banissa haikuwa na mdomo. Mipaka ya maeneobunge nayo, ambayo Katiba inataka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12, ilipitwa na muda wake Machi 2024 bila kuguswa. Uchaguzi huharibikia zaidi katika miaka kama hiyo, wakati hakuna anayetazama, kuliko usiku wa Bomas wenye kamera zote. Juu ya hayo, Raila Odinga, aliyewania urais mara tano tangu 1997, alifariki Oktoba 15, 2025. Kura zilizokuwa zikijipanga kwa kumfuata au kumkimbia zitajipanga upya, na yeyote anayekuapia kwamba anajua zitaelekea wapi anakuuzia kitu.

Basi ufanye nini? Kujiandikisha tena, usithubutu. Ulijiandikisha kabla ya 2022, jina lako limo katika sajili, na kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Ulichobakiwa nacho ni kuhakiki. Nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge lako ukiwa na kitambulisho halisi, si nakala wala picha ya simu, uthibitishe jina, namba na kituo. Kama umehama, omba kuhamishiwa kituo cha unakoishi sasa, na fanya hivyo mapema, maana sajili hufungwa kabla ya uchaguzi na msongamano wa wiki za mwisho ndio unaowaacha wengi nje. Wenzako wasiojiandikisha bado ndio wa kuwasukuma. 2022, vijana wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40 ya walioandikishwa, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Hakiki pia kupitia eCitizen kama hujasajiliwa katika chama usichokijua. 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kukanyaga ofisi zake. Ukijikuta humo, jiondoe.

Kati ya sasa na uchaguzi, kalenda ya bajeti ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bunge kufikia Februari 15, na ya kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Makadirio ya matumizi huwasilishwa kufikia Aprili 30, na mswada wa fedha nao huja katika majira hayo hayo. Mei kamati huita maoni ya wananchi, na Juni 30 mwaka wa fedha unaisha. Ukienda Juni kulalamika, umekwenda mazishini na dawa. Nenda Mei, na maoni yako yawe na sura hii: kifungu namba fulani, futeni maneno haya, wekeni haya, kwa sababu hii. Karani wa kamati hana pa kuweka "tumechoka", ila pendekezo la maneno ni lazima aliingize katika jedwali. Sikudanganyi kwamba watakukubalia. Mara nyingi hawatakubali. Lakini maoni yaliyopuuzwa yakiwa yameandikwa huwa ushahidi pale sheria inapopingwa mahakamani kwamba wananchi hawakushirikishwa.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi siyawezi, yanataka mtu ana kwa ana. Kama wewe au mtu wenu aliumizwa na polisi katika maandamano, nenda hospitali upate rekodi ya matibabu, jaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuthibitisha majeraha, kisha upeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, au Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, ukiwa na wakili ikiwezekana. Rekodi za siku ya kwanza hubeba uzito ambao za mwezi wa tatu hazina. Ukiwa na ushahidi wa udanganyifu katika kiti chochote, usiuzungushe WhatsApp, umpelekee wakili mara moja. Kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya siku 14, na za viti vingine zina siku 28 za kufungua. Na kama siasa hizi zinakunyima usingizi wiki baada ya wiki, au kila mlo wa nyumbani unaishia kwa kelele, tafuta mshauri nasaha au zungumza na mhudumu wa afya. Wengi walibeba mengi kutoka Juni 2024, na hayatibiwi kwa mijadala.

Nabaki na mjomba. Usimpelekee hoja za Bomas, mtakesha. Muulize jambo moja: 2022, katika kituo chenu, wakala wa mgombea wake alikuwa nani? Kama alikuwepo, 34A ile ina sahihi ya mtu wa upande wenu. Kama hakuna anayemjua, au alikuwepo akaondoka saa tatu usiku kwa njaa, hapo mmepata shimo la kweli, na ni shimo mnaloweza kuliziba wenyewe. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mawakala huteuliwa na vyama na wagombea, hata wa mwakilishi wadi, na hula kiapo cha usiri kabla ya kuingia kituoni. Mtafuteni mtu anayejua kujumlisha bila kutegemea simu, mfungieni chakula cha usiku, mpeni tochi, kalamu mbili na simu iliyojaa chaji, na mkubaliane kwamba hataondoka mlangoni mpaka apige picha ya fomu iliyobandikwa.